Askari wa Zimamoto Aliyenunua Chachu Yetu

Sehemu ya saba

Kwa msomaji aliyefungia samaki gazeti la juma lililopita, mambo yako hivi.

Naitwa Naftali Wexler, mkemia; nyumbani wananiita Tuli. Kazi yangu ni kupima maji ya bomba ya jiji la Montreal. Naamini kipimo, fununu siiamini. Asubuhi ya mkesha wa Pasaka yetu nilikuwa kwenye roshani ya mama yangu nikichoma mabaki ya mkate, kama kila Myahudi anavyotakiwa kuiondoa chachu yake, upepo ukaubeba moto na kuukabidhi kwa pazia. Zimamoto wakaja. Mmoja wa askari wao aliitwa Ghislain Thibodeau.

Asubuhi hiyohiyo rabi wetu naye alikuwa mashakani. Juma zima la Pasaka Myahudi hali chachu, wala haruhusiwi kuimiliki. Na chachu si mkate peke yake: ni bia, ni biskuti, ni wiski. Kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwaga wiski, kila mwaka rabi huuza chachu ya waumini wote kwa mtu asiye Myahudi, humkabidhi na funguo za makabati, na sikukuu ikiisha huinunua tena. Mnunuzi wetu wa siku zote, mzee Furtado, Mreno, alikuwa kalazwa hospitali na nyonga iliyovunjika. Rabi alikuja kwetu kutazama moto. Akamwona Ghislain na mabuti yake, na msalaba mdogo shingoni. Akamuuzia palepale ngazini, huku mpira wa maji ukiwa bado unavuja.

Hivyo ndivyo mtu niliyekuja kumpenda alivyopata kuwa mwenye wiski yote ya sinagogi.

Ndiyo, nilimpenda. Hayo niliyaeleza sehemu ya tatu, na walioudhika walikwisha kumwandikia mhariri. Juma lililopita tuliishia jikoni kwa Mama, pale Ghislain alipopiga goti akaniomba nimwoe, na Mama akaiangusha sufuria ya supu.

Basi supu ikamwagika. Tuendelee.

"Inuka," Mama alimwambia. "Umepigia goti mafuta ya kuku."

"Nangoja jibu, Bi Gitl."

"Jibu la nani? Umemwomba mwanangu au umeniomba mimi?"

"Nimemwomba yeye. Lakini yeye anakutazama wewe."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa namtazama Mama.

Mama alichukua tambara akaanza kufuta sakafu kulizunguka goti la Ghislain, kama vile lilikuwa mguu wa meza.

"Sikiliza, kijana," alisema. "Kwamba wewe ni mwanaume, hayo humu ndani yalikwisha zamani. Tuli aliponiambia nililia Jumanne, Jumatano nikaenda sokoni. Rabi anafungisha ndoa ya wanaume wawili, anafungisha ya wanawake wawili, na keki anakula. Lakini mtu wa msalaba hamfungishi. Hata angekuwa mfalme."

"Kwa hiyo taabu si suruali," alisema Ghislain.

"Suruali na ivaliwe! Taabu ni hicho kilichoning'inia shingoni."

"Mama," nikasema, "mtu hapimwi kwa…"

"Wewe kapime maji."

Hapo ndipo tuliposikia kicheko. Kilitoka mezani, kwa mama mkubwa wa Ghislain, dada wa marehemu mama yake. Aliitwa Fernande, na alikuwa ametoka Rimouski kuja kumsalimia mpwa wake. Miaka yake yote ya kazi aliendesha basi la shule kwenye theluji, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwanyamazisha watoto bila kugeuza shingo. Tangu goti lipigwe alikuwa ametulia, akipaka siagi kwenye ule mkate wetu mkavu wa Pasaka.

"Gitl, dada yangu," alisema, "unamfukuza Mkatoliki, na anayetoka mlangoni ni Myahudi."

"Eti nini?"

"Mama yetu, aliyenizaa mimi na mama wa huyu mtoto, alitoka Lublin. Jina lake Rywka. Baba alikuwa mkata magogo, akampenda, padri akamwagia maji akamwita Rose. Basi. Alinyamaza maisha yake yote. Alipokaribia kufa akatuita mimi na mdogo wangu, akasema: msinizike na hawa ndugu wa baba yenu, hata wakilia. Nipelekeni Montreal kwa watu wangu."

"Mkampeleka?" niliuliza.

"Tulimpeleka. Ilikuwa shida, maana…"

"Gari la samaki," alisema Mama.

Sote tukageuka. Mama alikuwa bado kapiga magoti, tambara mkononi.

"Aliletwa na gari la samaki," alirudia polepole. "Lenye barafu. Dereva alikuwa analia kuliko wafiwa."

Fernande aliweka kisu cha siagi mezani. "Treni zilikuwa zimesimama kwa theluji. Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliyemwosha ni mimi."

Msomaji ajue jambo moja. Mama yumo katika chama cha wanawake wanaoosha maiti. Hawalipwi, hawajisifu, na wanayoyaona chumbani humo hawayatoi nje. Siku alizotoka kuosha, Mama alirudi nyumbani akala mkate na kitunguu bila kusema neno, nasi hatukuuliza. Rabi wa zamani, marehemu sasa, hakuruhusu maiti yule azikwe kwetu mpaka alipohoji na kuandika barua huko na huko na kuridhika. Kwa hiyo lilikuwa jambo lililochunguzwa. Nalipenda jambo lililochunguzwa.

Na sheria yetu ni nyepesi kuliko ya kemia: mama akiwa Myahudi, mtoto ni Myahudi. Rywka alikuwa Myahudi, basi binti yake Myahudi, basi Ghislain Myahudi. Maji ya padri hayaondoi kitu. Hilo nalisema kama mtu wa maji.

Mama alisimama. Alitoa sauti ambayo kwa watu wengine ingeitwa kigelegele.

"Mkwe wangu! Kaa! Kula! Mbona umekonda hivi? Tuli, mbona hujamwona mwenzio kakonda?"

"Dakika moja iliyopita nilikuwa nafukuzwa," alisema Ghislain.

"Ulikuwa umenenepa bado. Fernande, mpishe akae! Viazi vipo, samaki yupo, supu iko sakafuni."

"Na huu msalaba?"

"Utie ndani ya shati kwanza. Tutazoeana nao."

Alimkumbatia, akamkumbatia Fernande, akanikumbatia mimi. Ghislain alinikonyeza juu ya kichwa cha Mama. Kila mtu jikoni alikuwa na furaha. Mambo yangeweza kubaki hivyo, lau mimi ningekuwa mtu mwingine.

"Mama," nikasema. "Kama Ghislain ni Myahudi, chachu ya sinagogi imenunuliwa na nani?"

"Ameinunua Ghislain," alisema Mama.

"Ambaye ni Myahudi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sikukuu yote hii chachu iko mikononi mwa Myahudi. Na chachu iliyolala Pasaka mikononi mwa Myahudi ni haramu milele. Haiuzwi, hainywewi, haipewi mbwa. Inamwagwa."

"Iuzeni upya," alisema Ghislain. "Kesho namtafuta Mkatoliki mwingine. Kituoni wamejaa."

"Katikati ya sikukuu haiuziki. Huwezi kuuza usichoruhusiwa kuwa nacho."

Mama aliketi. Nilijua anawaza nini. Katika kabati lake, lililofungwa na kuuzwa pamoja na mengine, ilikuwamo chupa ya wiski aliyoiacha marehemu baba. Kila mwaka siku ya kufa kwake Mama humimina kifuniko kimoja, akanywa, akakunja uso, akamsema baba kwa ladha yake mbaya, akaifunga.

"Tuli," alisema, "ukweli unaweza kungoja Pasaka iishe."

"Ukingoja hautabadilika."

"Hatusemi ubadilike. Tunasema ukae kimya!"

"Rabi lazima ajue."

"Nilizaa mtoto," Mama alimwambia Fernande, "nikapewa mizani."

*

Rabi Tirtza Halpern alikuwa ofisini mwake akila viazi vya kuchemsha, chakula pekee kinachokubaliwa na kila mtu katika juma la Pasaka. Ghislain alikaa kwenye kiti, mimi nilisimama. Nilimweleza yote kwa mpangilio.

Rabi aliziba masikio.

"Sijasikia."

"Umesikia, Rabi."

"Nimesikia nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile mbaya." Alisukuma sahani. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kufikiri, na alipoanza kufikiri alizungukazunguka meza. "Haya. Nisikilizeni. Haramu ya chachu iliyolala Pasaka ni adhabu iliyowekwa na wazee wetu. Na adhabu ya wazee, palipo na mashaka, huwa tunalegeza. Umenielewa? Mtu akiwa Myahudi wa mashaka, labda ndiye, labda siye, wiski inapona."

"Mimi si wa mashaka," alisema Ghislain. "Mimi ni mjukuu wa Rywka wa gari la samaki."

"Hayo umesema wewe na mama yako mkubwa. Ndugu hashuhudii nduguye. Tukiacha hapo, mashaka yapo, wiski ipo, kila mtu analala usingizi."

"Na ndoa?" niliuliza.

"Ndoa nayo ipo! Huyu tunamwingiza tu katika dini upya, kuyaondoa mashaka yake. Jambo dogo. Anajifunza kidogo, anazama kwenye birika la maji…"

"Mimi na maji tunaelewana," alisema Ghislain.

"…na jando."

Huyu ni mtu niliyemwona akiingia katika moshi bila kukohoa. Alishika mikono ya kiti.

"Jando lipi?"

"Lipo moja tu."

"Kwa kisu?"

"Kwa mtaalamu! Ana uzoefu wa miaka mingi."

"Wateja wake wana umri gani?"

Rabi alitazama viazi vyake. "Siku nane."

"Rabi, mimi nina miaka thelathini na sita."

"Atavaa miwani."

"Na kama ni Myahudi wa hakika? Sikatwi?"

"Ungetakiwa. Lakini hilo lingekuwa shauri lako na Mungu, naye ana subira. Harusi isingelingoja."

Kwa hiyo picha ilikuwa wazi, hata kwa mtu asiyejua sheria. Ghislain akiwa Myahudi wa hakika, harusi ipo na wiski imekwisha. Akiwa wa mashaka, wiski ipo na kisu kipo.

Nje, kwenye ngazi za sinagogi, Ghislain alivaa kofia akaivua.

"Tuli, mimi naingia kwenye moto. Nyumba ikianguka naingia tena. Lakini kisu, hapana. Utu uzima huu! Ikifika huko mimi narudi Rimouski. Kituo cha kule kimeniuliza mara ngapi, najifanya sisikii."

"Ungeniacha?"

"Sitaki kukuacha, ndiyo maana nakwambia. Sema neno."

Nilifikiri. "Kwa watu wazima uwezekano wa madhara ni mdogo sana. Nimesoma."

"Si neno hilo, Tuli," alisema, akashuka ngazi.

*

Rabi aliapa kutomwambia mtu. Mimi sikumwambia mtu. Ghislain hakumwambia mtu. Mama alimwambia mtu mmoja tu, Bi Pessl wa ghorofa ya chini, na akamwapisha.

Alasiri ya siku iliyofuata mwenyekiti wetu, mzee Lipsky, aliitisha mkutano wa dharura. Sijapata kuona sinagogi limejaa vile, hata Siku ya Toba. Watu walikuja na njaa, maana kufikia hapo Pasaka kila mtu amechoshwa na mkate mkavu na hasira ziko karibu. Ghislain alikaa mbele kabisa, mikono mapajani. Fernande alikaa ubavuni mwake kama mlinzi wa benki.

Wa kwanza kusimama alikuwa Heshy Zuckerbrot, muuza mazulia, kiongozi wa wale wanaume wanaojifungia chumba cha nyuma kila Jumamosi baada ya sala kuonja wiski na kutoa maoni.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sielewi tunajadili nini. Sisi wote humu tulikatwa. Kuna aliyeitishiwa mkutano?"

"Ulikuwa na siku nane, Heshy," alisema Mama. "Usingepata nafasi ya kusema. Nafasi hiyo umeifidia baadaye."

"Bi Gitl, kuna wiski mle kabatini ambayo ni kubwa kuliko mwanao kwa umri!"

"Na ina adabu kuliko wewe."

Daktari Birnbaum alinyoosha mkono. "Mimi ningependa kusema kwamba kuna ganzi nzuri sana siku hizi. Niko tayari kujitolea."

"Wewe ni daktari wa macho," alisema Fernande.

"Ganzi ni ganzi, bibi."

"Basi jitie mdomoni."

Watu wakacheka. Mzee Lipsky akagonga meza. "Kwa utaratibu! Tunataka jambo moja tu, kijana huyu awe wa mashaka. Si tusi. Watu wema wengi ni wa mashaka. Wanaokubali awe wa mashaka wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda kama mashamba ya mahindi. Sijapata kuona watu wakipigia kura mashaka kwa uhakika namna ile.

"Shusheni," alisema Rabi Tirtza. Hakupaza sauti, ila mikono ilishuka. "Mashaka hayapigiwi kura. Mtu hajui, au anajua. Humu ndani kuna anayejua." Akamgeukia Mama. "Bi Gitl. Sitakulazimisha. Najua kiapo chenu. Ukikaa kimya, nitahesabu kwamba hatujui, na mambo yataenda hivyo. Ukisema, nitahesabu ulichosema."

Mama alikuwa na koti lake la sikukuu. Alisimama, akashika mgongo wa benchi la mbele.

Nilifanya hesabu haraka. Akikaa kimya, anabaki na chupa ya baba, anabaki na majirani, anabaki na kiapo chake. Mimi nabaki na barua kutoka Rimouski. Akisema, anapoteza vyote vitatu, nami nabaki na Ghislain. Kwa idadi, kimya kilikuwa kinashinda.

"Tukiingia chumba kile," Mama alisema, "tunamwomba radhi maiti kabla ya kumgusa. Tunamwita kwa jina. Huyu jina lake la kwetu hatukuwa nalo, binti zake ndio waliotupa. Mpaka juma hili sijawahi kumsema kwa mtu. Nilijua nikimsema nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu."

Mama aliwageukia Heshy na wenzake.

"Nyumbani kwangu iko wiski ya Mendel wangu. Mbaya, mnaijua, alikuwa bahili. Naionja mara moja kwa mwaka. Nikimaliza kusema, nitakwenda kuimwaga."

"Gitl, kaa chini," alisihi mzee Lipsky.

"Nilimwosha mimi. Nilimchana nywele, nilimvika sanda. Alikuwa mwenzetu, na marehemu rabi alisema hivyo kabla hatujamgusa. Huyu ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Ni mkwe wangu. Na hapa hakatwi mtu."

Akaketi.

Mguno uliotoka katika ukumbi ule ulikuwa wa watu waliofiwa. Heshy aliinamisha kichwa kwenye viganja. Nyuma kabisa mtu alikuwa akitaja majina ya chupa, moja moja, kwa sauti ya chini, kama anawaombea.

Ghislain alikuwa akilia waziwazi, pua na yote. Mimi niliipima hali ya ukumbi: watu wengi, hewa kidogo, macho lazima yawashe. Kisha nikainuka kwenye kiti changu, nikapita mbele ya kamati nzima, nikakaa karibu naye na kumshika mkono. Sikuwa na ushahidi wowote wa kuunga mkono kitendo hicho. Nilimshika tu.

"Hili ndilo neno?" alininong'oneza.

"Linakaribia."

"Nitakungoja."

Nilidhani tumemaliza. Nilisahau kwamba mwenyekiti wetu alikuwa wakili kabla ya kustaafu.

"Rabi!" Mzee Lipsky alikuwa amesimama, kidole juu, na uso wake ulikuwa umerudiwa na damu. "Shahidi mmoja! Bi Gitl ni mmoja. Tena ni mama wa bwana harusi, ana faida yake. Katika jambo kubwa hivi sheria inataka mashahidi wawili. Shahidi mmoja ni nini? Ni mashaka!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walikumbatiana. Heshy aliinua kichwa kama mtu aliyefufuka, na Daktari Birnbaum akaanza tena kutaja ganzi. Ghislain aliukaza mkono wangu mpaka vidole vikalia.

"Ni kweli, Rabi?" niliuliza.

Rabi Tirtza alifumba macho. "Kwa bahati mbaya ana hoja."

"Lipsky," alisema Mama bila kusimama. "Tangu lini mwanamke mmoja anaosha maiti peke yake? Maiti hugeuzwa. Nani alikuwa upande wa pili, malaika?"

"Nani?" aliuliza mzee Lipsky.

Mama hakutaja jina. Alinyanyua kidevu tu, akakielekeza benchi la mbele, upande wa kulia, alipokaa mwanamke mnene mwenye kofia ya zambarau na mkoba mkubwa mapajani. Tangu mkutano uanze alikuwa hajatamka neno.

Alikuwa Bi Sheindl Lipsky, mke wa mwenyekiti.

Wasiomjua niwajulishe. Bi Sheindl ndiye mwenye ukumbi wa sherehe pale kona ya barabara kubwa, ule wenye nguzo za dhahabu ya bandia. Msimu wa harusi ulikuwa unakuja, na stoo yake ilikuwa imejaa makreti ya wiski na bia mpaka darini. Katika chachu yote aliyouziwa Ghislain ngazini kwetu, nusu na zaidi ilikuwa ya Bi Sheindl. Hapakuwa na mtu katika Montreal mwenye sababu nzuri kuliko yake ya kusahau.

"Sheindl," alisema mumewe, kwa ule upole wa mtu anayetembea juu ya barafu. "Mama watoto. Ni zamani sana. Wewe huwezi kuukumbuka uso wa yule bibi."

"Uso sikuuona vizuri," alisema Bi Sheindl. "Nilikuwa miguuni."

"Haya! Mmesikia! Alikuwa miguuni!"

"Miguu nayo ina habari zake, Lipsky. Na masikio yangu yalikuwa kichwani kama kawaida. Marehemu rabi aliposema, nami nilikuwepo."

"Alisema nini?" aliuliza Heshy, akiwa amesimama nusu.

"Bi Sheindl," alisema Rabi Tirtza, "jibu fupi. Yule mwanamke alikuwa mwenzetu kwa hakika, au hujui?"

Bi Sheindl alifungua mkoba wake, akatazama ndani, akaufunga. Alimtazama mumewe, aliyekuwa akitikisa kichwa kidogo sana, kama anayefukuza nzi bila kutaka nzi ajue. Alimtazama Mama, na Mama akamtazama. Halafu akatugeukia sisi, akaitazama mikono yetu iliyoshikana, mmoja wa mkemia, mmoja wa askari wa zimamoto, kwa jicho la mtu anayepima upana wa meza.

"Kabla sijajibu," alisema, "nina swali moja kwa hawa vijana."

"Uliza, Bi Sheindl," nilisema.

"Hiyo harusi yenu itafanyika ukumbi gani?"